Lenzi ya Gesi na Benchi la Fundi Jaswant

Namshukuru Mola aliyenipitisha katika cheche za maisha yote ya kazi na akaniachia macho mawili ambayo bado yanausoma Msahafu bila kupapasa. Si kila mchomeleaji wa rika langu anayeweza kusema hivyo. Nimevua glovu hivi karibuni, na vijana wa karakana yetu hapa Hounslow wameniomba niwaandikie yale niliyokuwa nikiwaambia wakati wa chai, kwa sababu, wanasema, wakati wa chai hakuna aliyekuwa akisikiliza. Nawashukuru kwa ukweli wao. Naandika kwa Kiswahili kwa ajili ya wale wanaokijua. Wengine watatafsiriwa na wenzao, kama sisi tulivyotafsiriana miaka yote.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo tulishayala yakaisha. Nitaeleza habari za kidude kidogo cha shaba chenye wavu ndani, kiitwacho lenzi ya gesi, na habari za mtu aliyenifundisha kukitumia.

Kuchomelea nilijifunza Tanga, katika karakana ya kiwanda cha mkonge, kwa zile fimbo za kawaida zenye unga, zinazotoa moshi na kelele. Fundi wa namna hiyo akianza kazi mtaa mzima unajua. Nilipofika London nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na mtoto, na nilidhani kazi naijua. Nikapata nafasi katika karakana moja hapa Hounslow, mahali ambapo ndege hupita chini kiasi kwamba maongezi hukatika katikati ya neno, kila mtu akasubiri, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Walikuwa wakitengeneza mabomba ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ya majiko ya hoteli, viwanda vya maziwa na hospitali.

Kazi yote ilikuwa ya TIG. Kwa asiyeijua, ni hivi: moto ni mdogo, unatoka kwenye ncha ya sindano ya tangsteni, na pembeni ya sindano hiyo kuna kikombe cha kauri kinachotoa gesi ya agoni. Vyote viwili hukaa kwenye mpini unaoitwa tochi. Kazi ya agoni ni kukifunika chuma kinapoyeyuka ili hewa ya kawaida isikiguse. Hewa ikikigusa, kinaungua na kuota magamba. Moshi hakuna na kelele ni kidogo. Siku ya kwanza nilidhani mashine ni mbovu.

Mwenye karakana, Mwingereza mfupi aliyeitwa Terry, alinionyesha benchi, akanipa vipande vya bomba nijaribie, akaenda zake. Nikachomelea. Kazi ikatoka ya kijivu, na ukiipitishia kidole ilikwaruza kama ngozi ya kenge. Nikafanya kile ambacho kila mgeni wa kazi hii hufanya: nikasema gesi haitoshi, nikaifungua zaidi. Ikatoka nyeusi. Nikafungua tena, tochi ikaanza kufoka kama chatu. Ndipo nikasikia Kiswahili nyuma yangu.

"Wewe iko chomelea au iko osha gari?"

Nikageuka. Alikuwa mzee wa Kisingasinga, mrefu, ndevu nyeupe amezifunga vizuri chini ya kidevu, na kilemba kidogo cha kazini kichwani.

"Unajua Kiswahili?" nikamuuliza, na mshangao wangu wote ulikuwa usoni.

"Mimi nazaliwa Nakuru. Baba yangu fundi ya reli. Wewe toka wapi?"

"Tanga."

"Ah! Mtu ya pwani." Akakitazama kile kipande changu cheusi. "Maneno tamu, kazi chungu."

Huyo ndiye Fundi Jaswant. Alinyoosha mkono akapunguza gesi mpaka mfoko ukawa mnong'ono tu, akaniambia nisikilize. Akanieleza jambo ambalo nimewaeleza vijana wote waliopita mikononi mwangu: agoni ukiisukuma kwa nguvu inazunguka, na ikizunguka inaivuta hewa na kuiingiza pale pale usipoitaka.

"Gesi hapana polisi," alisema. "Yeye hapana fukuza hewa. Yeye nakaa tu, pole pole. Hewa nakuja, nakuta kiti imejaa, narudi."

Kuanzia siku hiyo yeye aliniita Tanga na mimi nilimwita Fundi. Miaka ikaenda. Wakati wa baridi, Adhuhuri na Alasiri zinakaribiana mno na kazi haisubiri, basi alinisafishia pembe kwenye chumba cha mabomba, na mtu akipita hapo akiburuta chuma, Fundi humwambia shii. Mimi nami nilijifunza kutomsemesha asubuhi mpaka amalize maneno yake ya sala, aliyokuwa akiyasema kwa midomo tu huku akiivisha ile bangili ya chuma ya dini yake kipande cha ngozi ili isiguse umeme. Mkanda wa kofia yake ya kuchomelea aliupanua mwenyewe ukae juu ya kilemba. Hatukuwahi kubishana dini. Tulibishana chakula: yeye aliamini mkate wa kumimina wa mke wangu ungekuwa bora kama ungetiwa pilipili, na mimi niliamini ndimu zake za achari zingefaa kusafishia stenlesi.

Sasa nije kwenye ile kazi ya hospitali.

Yalikuwa mabomba ya maji safi ya wagonjwa. Katika mabomba ya namna hiyo kiungo kikitoka na magamba, uchafu hupata pa kujificha, kwa hiyo mkaguzi wa hospitali hakubali kitu chochote chenye rangi ya majivu. Kazi ya ukubwa huo ilipewa Fundi Jaswant, hapakuwa na mjadala. Lakini aliyechora mabomba yale alikuwa ameliweka tawi karibu mno na flenji, yaani ile sahani ya kufungia bomba kwa bomba. Kati ya tawi na flenji pakabaki ufa tu. Kikombe cha tochi hakikuingia. Njia ikawa moja, kuitoa sindano nje zaidi ya kikombe ili ncha ifike chini. Nayo sindano ikitoka mbali hivyo, agoni haiifuniki tena. Ni kama mtu aliyetoa mkono nje ya mwavuli.

Kundi la kwanza la mabomba mkaguzi alilirudisha. La pili pia. Viungo vyote vilikuwa safi juu, na chini ufani vilikuwa vyeusi.

Nilikuwa benchi la pili, nikasikia tochi ya Fundi inafoka. Yule aliyenifundisha kupunguza gesi alikuwa akiifungua. Hofu humfanya mtu asahau hata yale anayowafundisha wengine.

Terry akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na alilisema jambo lake akitazama kikombe chake cha chai.

"Macho yake yameisha," alisema. "Ninampenda yule mzee, lakini macho yameisha. Kundi hili la mwisho likirudi, nitamwambia apumzike. Benchi utachukua wewe."

"Macho yake hayana kitu, Terry."

"Basi niambie ni nini." Hilo sikulijua bado. "Mkaguzi anakuja Jumatatu," akasema.

Fundi Jaswant alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee alikuwa Kanada. Niliwahi kwenda kwake mara moja alipougua, nikakuta meza kubwa ya familia, viti vimepangwa kuizunguka, na kimoja tu ndicho kilichokuwa kimechakaa kitambaa. Mtu huyo alikuja kazini mapema kuliko mwenye ufunguo. Kumwambia apumzike ilikuwa ni kumrudisha kwenye vile viti. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeandaliwa kukaa mahali pake.

Jioni ile nilipitia duka la vifaa vya kuchomelea, nikamweleza muuzaji kuhusu ule ufa. Akanipa pakiti ndogo. Ndani mlikuwa na lenzi ya gesi. Nilikuwa nimeisikia. Tochi ya kawaida huitoa agoni kupitia vitundu vya pembeni, ikagonga ukuta wa kikombe na kutoka ikiyumba. Lenzi ina tabaka za wavu mwembamba, na gesi ikipita humo hutulia na kushuka moja kwa moja, kama maji ya birika ya kutawadhia ukilinganisha na ndoo iliyomwagwa. Ikitulia hivyo hufika mbali, na sindano inaweza kutoka nje ikabaki imefunikwa.

Tatizo ni kwamba Fundi Jaswant aliichukia lenzi. Aliiita chujio la chai. Alikuwa nayo moja, imelala kwenye droo yake miaka mingi. Aliwahi kuijaribu, kazi ikatoka nyeusi kuliko awali, akaitupa humo na kumwambia kila aliyetaka kusikia kuwa ni pambo la wauza duka.

Nikaitazama pakiti yangu vizuri. Pamoja na lenzi na kikombe chake mlikuwa na washa, yaani kiduara cha kuziba upenyo, nyeupe, nyembamba, yenye mdomo. Kwenye droo ya Fundi washa kama hiyo haikuwepo, nina hakika, maana droo ile niliipanga mimi kila Ijumaa. Nikaelewa. Aliifunga lenzi juu ya washa ya zamani, ambayo si ya lenzi. Kikombe hakikukaa sawasawa, ukabaki upenyo, na hewa ikaingia kwa nyuma. Kosa hilo mwanafunzi hawezi kulifanya, kwa sababu mwanafunzi husoma pakiti. Hulifanya bingwa, ambaye mikono yake hufunga tochi bila kumwuliza mtu.

Nilikuwa nimejua ni nini. Ilibaki namna ya kumwambia.

Tuliosoma madrasa tuna adabu moja ya msikitini. Imamu akikwama katikati ya aya, hakuna anayemvuta kanzu wala kumwambia umekosea. Aliye nyuma yake anayejua humsomea neno linalofuata, kwa sauti ya kumtosha, na imamu hulichukua akaendelea. Sala inabaki yake. Maalim wangu wa Ngamiani, kule Tanga, alikuwa akisema kwamba anayemsomea imamu kwa sauti ya kujionyesha, heri angenyamaza.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wawili tu karakanani. Nikatandika kitambaa safi kwenye benchi la Fundi, nikapanga juu yake lenzi, kikombe na ile washa.

"Fundi," nikamwambia, "nifundishe kufunga hii."

Akatazama, akageuza uso. "Chujio ya chai. Mimi nasema wewe, hii takataka."

"Umesema, nami nimesikia. Lakini nimeshanunua, na mke wangu ameshaniuliza mfuko una nini."

Akacheka kwa pua. "Kwa hivyo Jaswant saidia wewe, mama hapana piga kelele."

"Ndiyo, Fundi."

Akavuta kiti. Akaifungua tochi yake, akatoa kikombe cha zamani, akaiinua lenzi na kuchungulia dirisha kupitia wavu wake. Alipotaka kuifunga, mkono ukasimama juu ya kile kiduara cheupe.

"Hii nini?"

"Ilikuwa ndani ya pakiti, Fundi." Ilikuwa kweli, na nikaishia hapo.

Akaichukua. Akachomoa washa iliyokuwa kwenye tochi, akaziweka zote mbili kiganjani, ya zamani na mpya, akazigeuza. Ndege ikapita, tukasubiri wote wawili kama ilivyo kawaida. Ilipokwisha kupita, yeye hakuendelea.

"Mimi nafunga ile chujio na washa ya zamani," alisema mwishowe, pole pole. "Miaka yote nasema yeye mbaya."

Akainua uso.

"Tanga. Wewe najua?"

Mtu akikuuliza namna hiyo, usimdanganye. "Nimejua juzi tu, Fundi. Lakini nimejua kwenye pakiti. Mkono wangu haujawahi kuifunga."

"Mtu ya pwani," akasema, na akatikisa kichwa. Kisha akaibonyeza ile washa nyeupe mahali pake kwa kidole gumba, akafunga lenzi, akakaza kikombe. Kila alichofanya alinieleza: kaza kwa mkono, usitumie koleo, acha sindano itoke kiasi cha pingili moja ya kidole, siyo zaidi, gesi shusha, shusha tena. "Leta bomba," akasema.

Nilimletea bomba lile lenye ufa. Akashusha kofia. Nilisimama pembeni na kofia yangu, nikaona ncha ya sindano inaingia kule chini, kile kidimbwi kidogo cha chuma kinang'aa kimetulia kama jicho. Alipofika mwisho alizima moto lakini hakuinua mkono. Akaiacha tochi pale pale mpaka gesi ya mwisho ilipokatika yenyewe. Chuma ni kama mtoto, hufunikwa mpaka alale.

Akainua kofia. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akainama. Kiungo kilikuwa cha rangi ya asali, juu mpaka chini ufani.

"Tanga," alisema bila kuinuka. "Macho yangu iko sawa."

Ndipo nikajua kwamba alikuwa anajua. Hakuna aliyemwambia, lakini mtu aliyekaa karakana moja muda mrefu husikia yanayosemwa ofisini hata mlango ukifungwa.

"Iko sawa, Fundi," nikasema, kwa Kiswahili chake.

Mabomba yaliyobaki Fundi aliyamaliza kwa namna ile ile, na Jumatatu mkaguzi alikuja na kioo chake kidogo cha kuchungulia na taa yake. Alipita kiungo baada ya kiungo, na sisi tukajifanya tunafagia. Alipomaliza alitia sahihi, akauliza choo kiko wapi. Mambo makubwa ya maisha yangu mengi yamekwisha hivyo.

Terry akaja mpaka kwenye benchi letu. "Kulikuwa na nini?" akaniuliza.

"Muulize fundi."

Akamgeukia Jaswant. "Washa," akasema Jaswant.

"Washa?"

"Washa."

Terry akatazama paa kama anayesubiri ndege ipite, na haikuwepo, akarudi ofisini. Habari ya mtu kupumzika haikusemwa tena.

Kwa vijana, kabla sijasahau: wavu wa lenzi ukirukiwa na cheche umekwisha, usiuchokonoe kwa waya, weka mpya. Usiupulize kwa mdomo, mate yako si agoni. Mlango mkubwa ukiwa wazi, hakuna lenzi itakayokusaidia. Upepo wa Hounslow ni mkali kuliko wavu wowote. Kikombe kipana ni kizuri, lakini kikombe kipana chenye gesi ya fujo ni hasara mara mbili. Na kila lenzi ina washa yake. Hilo la mwisho limebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Fundi Jaswant, kwa Kiingereza, Kipunjabi na Kiswahili, na Kiswahili chake nimeombwa mara nyingi nikisahihishe. Sitakisahihisha.

Baadaye akaja Mutua, Mkamba aliyekuwa akilinda mlango wa duka moja Peckham, upande wa pili wa London, akapanda mabasi matatu kila asubuhi kuja kujifunza kazi hii. Fundi Jaswant alimketisha siku ya kwanza na kumpa lenzi mkononi.

"Hii, mimi nafundisha Tanga," akamwambia.

Mutua akanitazama. "Ni ukweli, mzee? Huyu ndiye alikufundisha?"

"Ndiye," nikasema. Mkono wangu ulikuwa haujawahi kuifunga mpaka yeye aliponionyesha.

"Basi mko sawa," akasema Mutua, "juu nilidhani nyinyi wawili mnajua tu kuzozana kuhusu chakula."

Fundi alifanya kazi miaka mingine baada ya hapo, na kila mwaka Terry alimwuliza kama amechoka, na kila mwaka alijibu kwamba waliochoka ni wale wanaouliza. Mpaka asubuhi moja, katikati ya bomba la kawaida kabisa la kiwanda cha maziwa, bomba ambalo Mutua angelimaliza huku anaimba, nilimwona amesimamisha moto. Akaingoja gesi ikatike. Akatundika tochi, akavua kofia, akakikodolea macho kiungo, akakisogeza kwenye mwanga, akakirudisha. Halafu akamwita Terry, naye akaja akifuta mikono.

"Macho yangu yameisha," Fundi akamwambia kwa Kiingereza, kwa utulivu, kama anayetaja saa.

Terry akanitazama mimi, akamtazama Mutua, uso umemwiva. "Nani kasema?"

"Mimi," akasema Fundi Jaswant, akainuka kwenye kiti, akamwashiria Mutua akae.